Mwingajini Katika Mtama

Siku yangu ya kwanza kazini nusura nifukuzwe langoni. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilitoka kwetu Kuze kwa miguu, nikakatiza Bondeni, nikavuka barabara za malori mpaka Shimanzi, buibui limejaa vumbi hadi magotini. Bawabu wa godauni alinitazama mara moja akanionyesha ukuta. "Waokotaji wangojea pale, dada. Mtaingia saa kumi." Zamani hizo wanawake waliruhusiwa kuingia jioni kufagia nafaka iliyomwagika chini. Nikamwambia, "Mimi sikuja kuyaokota mahindi yenu. Nimekuja kuyakagua." Alicheka mpaka akashika tumbo. Mimi sikucheka. Nilimpa barua yangu, nikasimama mbele yake mpaka akaisoma yote, na muhuri pia nikamngojea ausome.

Kampuni yetu ilikuwa ya ukaguzi wa nafaka, na jina lake naliacha kwa kuwa haipo tena. Kazi yetu ilikuwa moja tu: nafaka ikiingia godauni, kabla haijauzwa wala kusagwa, sisi tuitazame tuseme kama yafaa kuliwa na watu. Tukisema yafaa, tunaandika cheti, tunatia saini na muhuri, na mwenye mali anakwenda zake. Kumbuka hilo la cheti, maana ndilo lililonitoa jasho baadaye.

Mkaguzi Mkuu wetu alikuwa mtu wa Rabai, Mkristo, mwembamba, mwenye kanzi ya maneno lakini hakuyatoa ovyo. Aliniuliza swali moja.

"Una pua?"

"Ninayo, bwana."

"Basi nusu ya kazi unayo. Macho tutakutengenezea hapa hapa."

Akanipa bambo. Nyinyi vijana wa leo mnaopima kwa mashine pengine hamjaliona. Ni chuma chembamba, urefu wa mkono, kina mfereji katikati na ncha kali. Unalichoma gunia kwa chini ukielekea juu, nafaka inateremka kwenye mfereji mpaka kiganjani, kisha unaukuna uzi wa gunia kwa ncha ili tundu lijifunge. Ukichoma vibaya gunia linavuja, na wapagazi wanakutukana kwa lugha ambayo kwetu nyumbani haikuwa ikisemwa. Wiki ya kwanza nilivujisha magunia mengi. Matusi niliyoyasikia nayakumbuka yote.

Magunia huwezi kuyachoma yote. Kanuni yetu ilikuwa ya kipeuo cha pili: yakija mia unachoma kumi, yakija mia nne unachoma ishirini. Na usichome yale ya mlangoni, kwa sababu muuzaji si mjinga, gunia zuri huliweka pale utakapoliona. Nilikuwa nikipanda juu ya shehena na buibui langu, nimelifunga kiunoni, nachoma ya katikati na ya nyuma. Wapagazi walikuwa wakinipigia mbinja mwanzoni. Baadaye walinizoea, wakawa wananiwekea ngazi.

Nafaka ikishatoka tunaitia katika chekeche, tunaitikisa, vumbi na vidogovidogo vinaanguka chini. Inayobaki tunaimwaga kwenye sinia jeupe karibu na dirisha na kuitenga mafungu: punje nzima, zilizovunjika, zilizotobolewa na fukusi, zenye kuvu, na mbegu ngeni. Unyevu tuliupima kwa meno. Punje kavu hulia ukiing'ata, mbichi hulala. Mkaguzi Mkuu alikuwa akisimama nyuma yangu na kusema, "Tena. Tenga tena." Nilikuwa nikimchukia kweli kweli, Mungu amrehemu.

Mbegu ngeni ndizo zilizokuwa na mtihani. Mnanaha ulihesabiwa sumu, na mbarika pia: ukiona punje moja tu ya hizo, gunia linawekwa kando. Zilizosalia, mbegu za magugu ya kila namna, ziliandikwa kwa jumla tu, na zikiwa chache zilisamehewa. Katika hizo za kusamehewa ilikuwamo ya mwingajini.

Mwingajini mnaujua, hata kama jina lake hamlijui. Ni ule mti mfupi, wafika kifuani, wenye maua ya manjano, umeota nyuma ya magodauni yote ya Shimanzi na kando ya reli. Ni jamii ya mikunde, ndugu yake kunde na mbaazi. Majani ukiyafikicha yananuka, na maganda yake ni membamba, yamepinda kidogo, yamesimama kama vidole. Ndani mna mbegu bapa za kahawia, hazing'ai. Kwetu tulikuwa nao uani. Nyanya yangu alikuwa akivunja vitawi kuning'iniza mlangoni, kwani watu waliamini unafukuza mashetani, na mbegu zake alizikaanga, akazitwanga, akazinywa kama kahawa akiwa na homa. Harufu ile ya mbegu zikikaangwa ndiyo harufu ya utoto wangu. Basi nilipokuwa nikiziona kwenye sinia jeupe nilikuwa nikizifurahia, wallahi. Nazisukuma kando kwa kidole, moyoni nasema, ah, wenyeji wangu hawa.

Miaka minne nilikuwa godauni. Kisha nikapelekwa lango la malori, chini ya Msimamizi wa Lango, mtu wa kelele ambaye hakujua kusema kitu mara moja. "Lori hilo! Lori hilo! Nimesema lori hilo!" Pale unakagua haraka, gari linanguruma, dereva anapiga honi, jua la saa saba limekusimamia utosini. Nilijifunza kuchoma na kutazama kwa wakati mmoja. Baadaye nikarudishwa ndani, maabara, na Mkaguzi Mkuu alipostaafu mimi ndiye niliyekuwa mkaguzi wa miaka mingi kuliko wote. Kichwa kikavimba. Nasema mwenyewe kabla hajasema mtu mwingine: kilivimba hasa. Vyeti vyangu vilikuwa havirudi. Wenye mali walikuwa wakiuliza, "Bi. Rukia yupo?" na nisipokuwepo wanangojea.

Hapo ndipo alipoletwa Msimamizi wa Ubora, mwanamke wa bara, mdogo wangu kwa umri, miwani puani, viatu vya kisigino. Tulimwita Madamu. Alikuja na madaftari yake na hakusalimia mpaka amefika kitini kwake. Kwetu mtu akiingia mahali husema sabalkheri, huuliza hali za nyumbani, kisha ndiyo kazi. Huyu alianza na kazi. Nilimhukumu siku hiyo hiyo.

Wiki ya pili akabandika waraka ukutani. Mwingajini uhesabiwe sumu, sawa na mnanaha. Punje moja, gunia kando.

Nikamfuata ofisini. "Madamu, hii kwetu ni dawa. Nyanya yangu ameinywa mpaka amefikisha miaka tisini."

"Aliinywa mbichi?"

"Aliikaanga."

"Mtama unaokuja hapa umekaangwa, Bi. Rukia?"

Nilitoka na kuwaambia wenzangu, "Wa bara hawa wataka kutufundisha miti ya uani kwetu." Wakacheka, na mimi nikaona nimeshinda. Waraka ukabaki ukutani na mimi nikaendelea kuzisukuma mbegu kando kwa kidole changu.

Jumanne moja ukaingia mtama, shehena nzuri, mweupe. Mwenye poshomili ya Bondeni alikuwa anangojea kuununua, na alikuwa ameshaniambia unakwenda wapi: ni wa unga wa uji wa watoto wa chuo, madrasa ile ya kwetu Kuze, ambapo maalim hufundisha watoto wadogo ambao hawajaanza skuli, na saa nne asubuhi kila mtoto hupewa kikombe cha uji. Nilifurahi. Niliukagua mtama ule kwa mapenzi. Kwenye sinia nikaona mbegu za mwingajini, saba. Nazikumbuka kwa kuwa nilizihesabu. Nikazisukuma kando, nikaandika "Safi," nikatia saini na muhuri.

Alhamisi, saa mbili asubuhi, nikapigiwa simu na kaka yangu Hemedi. Hemedi anakaa Bondeni na alikuwa akifuga mbuzi wanne uani kwake. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwalisha, kwa maana takataka zilizoanguka chini ya chekeche, vipande vya mahindi na vumbi lake, tuliruhusiwa kuzichukua, nami nilikuwa nikimpelekea gunia kila mwezi.

"Rukia, njoo. Mbuzi wangu hawasimami."

Nilikwenda mbio. Wote wanne walikuwa wamelala, miguu ya nyuma imelegea, mkojo wao mweusi kama chai ya rangi iliyochemka sana. Daktari wa mifugo alikuwa ameshafika, amechutama. Aliuliza wamekula nini. Hemedi akamletea lile gunia langu. Daktari akatia mkono, akachota, akapuliza vumbi, na kiganjani mwake zikabaki mbegu bapa za kahawia, tele.

"Hii ni mwingajini," akasema. "Ikiwa mbichi hivi inaua misuli na ini. Mti wenyewe mbuzi hawali kwa sababu unanuka, lakini mbegu zikichanganywa na mahindi hawazioni."

"Na mtu?" nikauliza.

"Mtu mzima akila kidogo pengine hatajua. Mtoto mdogo ndiye wa kuogopewa."

Sasa nifahamuni vizuri, kwa kuwa hapa ndipo penye kosa langu. Mahindi yana punje kubwa. Ukiyatia katika chekeche, mbegu ya mwingajini huanguka chini pamoja na vumbi. Ndiyo maana ilijaa kwenye gunia la mbuzi, takataka za mwezi mzima. Lakini punje ya mtama ni ndogo, sawasawa na mbegu ya mwingajini. Mtama chekeche haliusafishi. Kilichoingia na mtama kinabaki na mtama, kinasagwa na mtama. Nilikuwa nikilijua hilo miaka yote, na siku ile ndiyo nilipolielewa. Mbegu saba katika konzi chache za sinia langu. Katika gunia zima ni ngapi? Na vikombe vya saa nne ni vingapi?

Nilimwacha Hemedi na mbuzi wake, hata kwaheri sikumpa. Poshomili ilikuwa mtaa wa pili. Kinu kinanguruma, mwenyewe mweupe kwa unga kope hadi kidevu. Nikapiga kelele masikioni mwake, "Simamisha! Mtama ule usisagwe!"

Akaniangalia. "Kwani una nini?"

"Una mbegu mbaya."

Akaenda kwenye msumari ukutani, akarudi na karatasi, akaniwekea mbele ya macho. Cheti changu. "Soma mwenyewe. Safi. Saini yako, muhuri wa kampuni. Mimi, Bi. Rukia, nikisimamisha kinu kwa maneno ya mdomo, mwenye mtama ataniuliza nini? Cheti hufutwa na ofisi."

"Umeshasaga kiasi gani?"

"Magunia mawili. Jana jioni yamekwenda chuoni."

Yarabi! Nilimpigia maalim, simu imezimwa, kwani huizima akiwa darasani. Saa ya ukutani ilikuwa inakwenda saa nne kasorobo.

Nitasema ukweli wangu wote. Palepale, kinu kinanguruma, shetani alinijia. Aliniambia: kimbia chuoni, mwambie mpishi asiupike, amwage, na wewe utajua namna ya kumzungusha huyu wa kinu. Hakuna atakayejua. Kazi yako itabaki, jina lako litabaki. Nikapiga hatua mbili kuelekea mlangoni. Lakini kinu kilikuwa bado kinasaga. Magunia manane mengine yalikuwa yamepangwa pale, na kila dakika yalikuwa yanageuka unga, na unga ule ungeuzwa Bondeni nzima. Peke yangu nisingeweza kuuzuia. Nikatoa simu nikampigia Madamu.

"Madamu, mtama wa Jumanne una mwingajini."

"Cheti kinasemaje?"

"Safi."

"Nani alikitia saini?"

"Mimi."

"Uliziona mbegu?"

Nikafumba macho. "Niliziona. Saba. Nikazipuuza."

Nilimsikia akivuta kiti. Kisha akasema, "Mpe simu mwenye kinu." Sijui alimwambia nini. Nilimwona tu yule bwana akisema "Ndiyo, ndiyo, mama," akanyoosha mkono, na kinu kikanyamaza. Masikio yangu yakawa yanalia kwa ule ukimya. Akanirudishia simu. Madamu akasema, "Wewe kimbilia kwa watoto. Mimi naja."

Nilikimbia. Mwanamke wa miaka arubaini na sita, mnene, na buibui, mchana kweupe, kutoka Bondeni hadi Kuze. Watu waliniita, "Bi. Rukia, kuna msiba?" Sikuwa na pumzi ya kuwajibu. Kandambili moja ilikatika, nikaiacha nyingine pia. Njia nzima nilikuwa nikisema, Mola wangu, nichukue mimi, nichukue kazi, wale usiwaguse.

Nilipoingia uani kwa maalim, watoto walikuwa wamekaa mikekani, vikombe mikononi. Uji umeshagawiwa. Mtoto wa karibu nami, mvulana wa miaka minne, kikombe kilikuwa mdomoni. Nilikipiga kofi. Kikaruka, uji ukamwagikia kanzu yake na mkeka wote, naye akaangua kilio. Nikapiga ukelele, "Msinywe! Wekeni chini! Wekeni chini nyote!" Watoto wengine nao wakaanza kulia. Maalim akatoka darasani na kitabu mkononi. Mpishi, Bi. Khamisa, akatoka jikoni na mwiko.

"Rukia! Umepagawa?"

"Unga! Unga wa jana, wa poshomili!"

"Wa jana una nini?"

"Umewapikia?"

"Nani? Mimi?" Akaweka mkono kiunoni. "Mimi unga wa moto siupiki. Unga ukitoka kinuni una joto, ukiutia piponi unatoa jasho, unavunda, uji unakuwa mchungu. Wangu mimi hulala juani siku mbili kwanza. Uko huko juu ya nyumba, umeanikwa. Huu wanaokunywa ni wa mwezi uliopita."

Sikumwamini kwa masikio. Nilipanda ngazi kwa mikono na miguu. Huko juu mikeka miwili ilikuwa imetandikwa, unga umetawanywa, umefunikwa chandarua kizee kwa ajili ya kunguru, na mawe pembe nne. Wote. Nikauchota, nikaunusa. Ndani ya harufu ya mtama ilikuwamo ile nyingine, mbichi, ninayoijua tangu utoto. Nikakaa chini penye unga, nikalia kwa sauti. Sioni haya kulisema. Nililia kama aliyefiwa, na nilikuwa nimejaa furaha hadi kooni.

Madamu alifika viatu mkononi, soksi zimechanika, ameacha gari mbele ya kichochoro kwa kuwa huku kwetu gari halipiti. Alipanda ngazi akaniona vile nilivyo, akaelewa vibaya, akapauka.

"Wamekunywa?"

"Hawajanywa. Huu hapa wote."

Akajishikiza ukutani, akateremka taratibu mpaka akakaa sakafuni mkabala nami. Akasema, "Asante Yesu." Nami nikasema, "Alhamdulillah." Bi. Khamisa, aliyekuwa amesimama ngazini anatutazama, akasema, "Na mtoto wa watu mliyemmwagia uji, je?" Hapo tukacheka, sote watatu, mpaka machozi yakachanganyika, sijui ya kucheka ni yapi. Akatuteremsha jikoni akatupa uji, na yule mtoto akapewa vikombe viwili, akavinywa vyote huku akinikodolea macho.

Nilijua nitafukuzwa. Kesho yake nilikwenda ofisini nimeshakusanya vitu vyangu katika kikapu. Madamu akanipa karatasi tupu na kalamu. "Andika cheti cha kufuta kile. Sababu uiandike kwa maneno yako." Niliandika: Nilizizoea mbegu hizi, nikauona waraka, nikaudharau. Alisoma, akatia muhuri.

"Kikapu cha nini?" akauliza.

"Nilidhani wanifukuza."

"Nikikufukuza nitaajiri mtu ambaye bado hajaogopa. Wewe umeshaogopa." Kisha akavua miwani. "Lakini hutatia saini miezi sita. Utarudi kwenye bambo."

Nikarudi kwenye bambo, juu ya shehena, na magoti yangu yale. Mtama wote ulirudishwa godauni na kuchaguliwa kwa mkono, wanawake wamekaa na teo zao mapajani, punje kwa punje, na mimi nikakaa nao. Macho aliyosema Mkaguzi Mkuu atanitengenezea, nafikiri nilimaliza kutengenezewa hapo. Mbuzi mmoja wa Hemedi alikufa, watatu wakapona, na mpaka leo nikienda kwake na kifurushi chochote yeye huwaambia watoto wake, "Kichungulieni kwanza, ni cha shangazi yenu."

Nyanya yangu simlaumu. Nilipotulia nilikumbuka kwamba alikuwa akizikaanga mpaka moshi unajaa uani, na kwamba sisi watoto hakutupa hata tone. Alikuwa akituambia, "Hii si yenu," tukifikiri ni uchoyo. Alijua anachokifanya. Mimi nilichukua nusu ya ujuzi wake nikatembea nayo kama mzima.

Na Madamu? Tulifanya kazi pamoja miaka mingi baada ya hapo. Alijifunza kusema sabalkheri kabla ya kazi, mimi nikajifunza kusoma waraka kabla ya kubisha. Alihamishwa, mimi nikapewa kiti chake, na kila mkaguzi mpya nilimpa mbegu ya mwingajini kiganjani nikamwambia yaliyonipata, yote, na hatua zangu mbili za kuelekea mlangoni. Wengine walinishangaa kwa nini najianika. Nilitaka waogope mapema, bila ya kukimbia pekupeku.

Nimestaafu sasa. Walinifanyia chai, wakasema maneno mazuri juu ya vyeti vyangu. Niliwashukuru, lakini havikuwa vyeti nilivyokuwa nikivifikiria. Nakaa Kuze bado, na watoto wa mikeka ile ndio watu wazima wa mtaa huu. Mmoja ana duka la vitambaa na hanipunguzii bei. Mmoja ameolewa nyumba ya tatu, sauti yake akiita watoto yapasua ukuta. Hakuna kati yao niliyemweleza. Maalim aliwaambia wazazi unga uliharibika, na ikaishia hapo, kwa hivyo kama wanasoma haya ndiyo wanajua leo.

Yule niliyempiga kikombe ndiye jirani yangu wa mkabala. Ana pikipiki, na kila jioni huiegesha mlangoni pangu. Juzi nilitoka nikampa vidonge vyake, mtaa mzima ukasikia. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, mtoto wake amemkalisha begani.

"Bi. Rukia, kila siku wanigombeza mimi tu. Nimekukosea nini?"

Nikamtazama. Ndevu, kifua, mikono mikubwa imeshika miguu ya mtoto. Nikashika mwimo wa mlango.

"Hujanikosea kitu, mwanangu," nikamwambia. "Ondoa pikipiki."